Siri ya Mtungi katika Bustani ya Fragonard

Nilimwona mbwa kabla ya kumwona mwanamke. Mbwa mdogo mweupe, kona ya chini upande wa kulia, yuko kivulini na kinywa kiko wazi. Anabweka. Watu wote waliosimama karibu nami siku ile walikuwa wakitazama juu, kwenye kiatu cha waridi kinachoruka hewani, na kijana mmoja alikuwa akimwonyesha mwenziwe kwa kidole. Mimi macho yaliteremka yakatua kwa mbwa, na moyo ukanishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Picha yenyewe ni Bembea, kazi ya Mfaransa Jean-Honoré Fragonard, aliyoichora kati ya 1767 na 1768. Ipo Wallace Collection, makumbusho ya sanaa ya London, kwenye jumba la Hertford House, mwendo mfupi kutoka kwenye vurumai la Oxford Street. Kuingia ni bure, na hilo ndilo lililonifikisha. Nahudumia wazee majumbani mwao, na siku ile nilikuwa na saa mbili za kungoja kati ya mzee mmoja na mwingine, mvua inanyesha, sina pa kukaa ila kituo cha basi. Tangu siku hiyo nimekwenda mara nyingi. Ni ndogo kuliko unavyodhani ukiiona kwenye simu: sentimita 81 kwa 64, kiasi cha dirisha la chumba cha uani. Mwaka 2021 ilisafishwa, ikaondolewa vanishi kuukuu iliyokuwa imeigeuza njano, na sasa lile gauni la waridi linawaka katikati ya majani kama kaa lililopulizwa.

Tazama vizuri. Mwanamke yuko juu kabisa ya mwendo wa bembea, amekaa kwenye mto wa mahameli mwekundu, kofia ya majani kichwani. Mguu mmoja ameurusha mbele na kiatu kimechomoka. Chini yake, upande wa kushoto, kijana amelala chali kwenye kichaka cha mawaridi, kofia mkononi, mashavu yamemwiva. Kwa pale alipo, anaona ndani ya gauni. Nyuma, kwenye giza la miti upande wa kulia, mzee ameshika kamba mbili, ndiye anayeiendesha bembea, na anatabasamu. Juu ya kijana pana sanamu ya Cupid, mungu mdogo wa mapenzi, kidole kimoja mdomoni: nyamaza. Sanamu hiyo si ya kubuni. Étienne-Maurice Falconet alikuwa ameichonga kweli, kwa marumaru, akaionyesha Paris mwaka 1757, na aliyeiagiza ni Madame de Pompadour, hawara wa mfalme Louis XV. Mtu wa Paris wa wakati ule angeweza kuitambua. Vipo pia vitoto viwili vya mawe chini ya bembea, vimekumbatiana, na kimoja kinamtazama mwanamke kwa wasiwasi.

Halafu mbwa.

Wanaoieleza picha hii husema ni ya siri ya wawili. Mimi kila nikiitazama nahesabu: mzee, sanamu ya kidole mdomoni, vitoto vya mawe, mbwa. Siri ya wawili imezungukwa na halaiki. Na hivyo ndivyo picha nyingi za mapenzi za zama za Rokoko, mtindo wa madaha na mapambo wa Ulaya ya karne ya 18, zilivyojengwa. Wapenzi wako katikati na mwanga umewaangukia, na pembeni yupo anayejua, kazi yake ni kunyamaza. Waswahili tulishalisema kwa namna yetu, siri ya mtungi muulize kata. Nimekuwa nikiitafuta kata katika picha hizi kwa miaka sita sasa, kwa sababu niliwahi kuwa kata.

Ilikuwa Tanga, Ngamiani, nina miaka sita, sijaanza shule. Mama yangu mdogo alikuwa akikaa nasi. Alikuwa ameshaposwa na mtu wa Muheza, mahari imepokewa, na alikuwa akimpenda fundi redio wa barabara nyingine. Ramadhani ile, kila siku baada ya alasiri, alinipa sahani ya kaimati nipeleke kwa mama yake fundi. Sahani zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine, zimefunikwa kawa. Katikati ya sahani hizo mbili, karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilijua ipo kwa sababu sahani ya juu ilikaa upande. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuja mlangoni, akapokea, akaingia ndani, akarudi na sahani tupu, na mara nyingine sahani hazikuwa tupu.

Njiani palikuwa na bibi mmoja aliyekaa kibarazani akisuka ukili. Kila siku aliniuliza, "Mjukuu wangu, umebeba nini?" Nami kila siku, "Kaimati, bibi." Siku ya kumi hivi akasema, "Leo tena kaimati?" Mikono ikanitetemeka hadi kawa likaanguka. Aliniokotea, akalipuliza vumbi, akalirudisha mahali pake polepole sana. Hakusema neno. Nikimtazama yule mzee wa Fragonard mwenye kamba mikononi, ndiye bibi huyo namwona. Na mimi ni mbwa: najua, sielewi, na nikifungua kinywa nyumba inaungua.

Asili ya Bembea tunaijua kutokana na shajara ya Charles Collé, mwandishi wa tamthilia, aliyeandika mwaka 1767 aliyoyasikia kwa mchoraji Gabriel-François Doyen. Doyen alikuwa ametoka kusifiwa Paris kwa picha kubwa ya muujiza wa Mtakatifu Geneviève, ya kanisa la Saint-Roch. Hazikupita siku nyingi, akaitwa na bwana mmoja wa ikulu. Akamkuta na hawara wake katika nyumba yake ya starehe, na wakati huo mabwana wa Paris walikuwa na nyumba kama hizo pembezoni mwa mji, mbali na macho ya ukoo. Bwana yule alitaka hawara wake achorwe kwenye bembea, askofu aisukume, na yeye mwenyewe awekwe mahali atakapoiona miguu ya mwanamke. Doyen alishangaa: mtu aliyechora watakatifu aitiwe jambo kama hili? Akapendekeza viatu viruke hewani, kisha akajitoa na kumtaja Fragonard. Fragonard alikubali, ila askofu akamwacha, akaweka mzee wa kawaida.

Kwa muda mrefu bwana huyo ametajwa kuwa Baron de Saint-Julien, mkusanyaji mkuu wa mapato ya makasisi wa Ufaransa. Kama ni yeye, ombi la askofu linaeleweka. Lakini Collé hakuandika jina. Na jina la mwanamke? Hakuna popote. Amekaa katikati ya mojawapo ya picha zinazojulikana zaidi duniani, uso wake unaonekana wazi, na hana jina. Siri ni yake lakini mwenye kuiagiza na kuilipia ni mwingine. Kisha mwaka 1782 Nicolas de Launay akaichonga kwenye bamba la shaba, nakala zikachapwa zikauzwa, na kila mwenye pesa kidogo akaweza kuitundika ukutani siri ya mwanamke yule. Hili huniuma zaidi ya gauni lililofunuka.

Kwa nini mapenzi yalikuwa lazima yajifiche hivyo? Katika nyumba za wenye vyeo, ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili, yenye ardhi, vyeo na mahari ya bibi harusi iliyotoka kwa baba yake. Tangu amri ya mfalme Henri II ya mwaka 1556, mwana wa kiume aliyeoa bila idhini ya wazazi kabla ya miaka 30, au binti kabla ya miaka 25, aliweza kunyimwa urithi. Mabinti wengi walilelewa kwenye nyumba za watawa wakatolewa kwenda kuolewa na mtu waliyemwona mara chache. Mapenzi yalitafuta njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa barua. Ndiyo maana karatasi zimetapakaa katika picha hizi: mkononi, kifuani, ndani ya shada la maua, chini ya mto. Mwaka 1760 Paris ilipata posta yake ya ndani ya mji, barua ikipelekwa mtaa hadi mtaa mara kadhaa kwa siku. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa barua za hatari, karatasi ilipita mkononi mwa mtu. Kijakazi. Mtumishi. Mtoto.

Barua ninayoipenda kuliko zote iko New York, kwenye makumbusho ya Frick Collection, na mpaka leo nimeiona kwenye vitabu tu. Mwaka 1771 Madame du Barry, hawara wa mwisho wa Louis XV, alimwagiza Fragonard picha nne kwa ajili ya jengo lake jipya la starehe huko Louveciennes, karibu na Paris. Ni picha kubwa, kila moja ina urefu wa zaidi ya mita tatu. Katika moja kijana anamtolea binti ua la waridi naye anashtuka. Katika nyingine binti anamvika mpenzi wake taji la maua, na pembeni mchoraji ameketi anawachora: mtu wa tatu, kalamu mkononi, wala hajifichi. Katika ile ya barua, wawili wameketi pamoja wanasoma za zamani, hawana haraka tena, mbwa wao yuko miguuni na ametulia. Mbwa wa Louveciennes habweki. Amezoea.

Lakini ile ya miadi ndiyo inayonishika. Kijana ameegesha ngazi ukutani na anapanda. Binti yuko ndani ya bustani, amevaa nyeupe, barua mkononi, na hamtazami kijana! Amegeuza uso pembeni, mkono mmoja ameunyoosha kama anayesema ngoja. Amesikia kitu. Hatukioni, kiko nje ya picha. Hapo Fragonard ametuweka sisi mahali pa hatari, maana huyo anayeogopwa anaweza kuwa ni mimi niliyesimama mbele ya picha. Mtu yeyote aliyewahi kupenda kwa kificho anaijua shingo ile ilivyogeuka. Mama yangu mdogo alikuwa na shingo hiyo Ramadhani nzima.

Picha hizi ziliagizwa na mwanamke, na kwangu inaonekana. Binti si kitu cha kuchunguliwa. Ndiye mwenye barua, mwenye kusikiliza, mwenye kuamua kama ngazi ipandwe au isipandwe. Hata hivyo Du Barry alizirudisha. Akatundika za Joseph-Marie Vien, za mtindo mpya wa Kigiriki uliokuwa ukiingia. Fragonard alikaa nazo karibu miaka 20, na mwaka 1790, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yameanza, akazipeleka kwao Grasse akazitundika nyumbani kwa binamu yake.

Huko Louveciennes kulikuwa na mtoto. Jina alilopewa ni Zamor. Alizaliwa Chittagong, Bengal, huko Asia, akachukuliwa mtumwa akiwa mdogo, akapelekwa Ufaransa akakabidhiwa Du Barry. Alivishwa nguo za hariri na kutumiwa kama pambo, amesimama nyuma ya kiti, ameshika sinia. Du Barry alimdhania Mwafrika. Tembea katika picha za karne ile utawaona watoto kama yeye, ngozi nyeusi iliyowekwa pembeni ili weupe wa bibi ung'ae zaidi, sinia au mwavuli mkononi, macho yamegeuzwa kwa wapenzi. Wamechorwa kama samani. Kilichosemwa mbele yao kilisemwa kana kwamba chumba ni kitupu.

Zamor alikuwa anasikia. Alijifunza kusoma, akajiunga na wanamapinduzi, na mwaka 1793 Du Barry aliposhtakiwa, alisimama mahakamani akatoa ushahidi dhidi yake. Hapo ndipo aliposema alikozaliwa, kwa kinywa chake. Du Barry alikatwa kichwa tarehe 8 Desemba mwaka huo. Zamor aliishi mpaka 1820, akafa maskini Paris. Vitabu vya zamani vinamwita msaliti, na kila nikilikuta neno hilo hasira hunipanda. Mtu humsaliti aliyempa siri. Zamor hakupewa siri na mtu. Aliwekwa humo kwa nguvu, akafanywa kuta. Sifananishi utumwa wake na sahani zangu za kaimati, mimi nilikuwa mtoto anayependwa na nilirudi nyumbani kula futari. Ila kitu kimoja tulishirikiana: tulichaguliwa kwa sababu tulidhaniwa hatuelewi.

Iko picha moja ya Fragonard isiyo na mtu wa tatu, na ndiyo inayonitisha. Ni Komeo, ya mwaka 1777 hivi, ipo kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, tangu 1974. Chumba cha kulala, pazia jekundu kubwa limejaa nusu ya picha, shuka zimevurugika, kiti kimepinduka, tofaa liko mezani. Mwanamume aliyevaa nguo za ndani tu amejinyoosha anasukuma komeo la mlango kwa ncha za vidole. Mkono wa pili amemshika mwanamke mwenye gauni la hariri ya manjano. Yeye amejirudisha nyuma, kichwa kimelegea, mkono wake umeelekea komeo pia. Anataka kulizuia? Anataka lifungwe? Watu wamebishana juu ya mkono huo tangu zamani. Mimi nasimama na mlango. Hakuna mbwa wa kubweka, hakuna bibi kibarazani, hakuna hata sanamu. Sijawahi kutamani shahidi katika picha kama ninavyomtamani katika hii. Mtu wa tatu huogopwa na wapenzi, lakini mahali asipokuwepo, na nguvu iko upande mmoja, mwanamke amebaki na komeo tu.

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1780, akaja Busu la Wizi, lililopo kwenye makumbusho ya Hermitage, Urusi, ambalo wapo wataalamu wanaoona ndani yake mkono wa shemeji yake Fragonard, Marguerite Gérard. Binti amechomoka sebuleni, ameinama kwa mlango wa pembeni, kijana amembusu shavuni. Mkono mmoja bado umeshika shali lake. Shali ndilo kisingizio: nimekwenda kulichukua. Mlango wa upande wa pili uko wazi kidogo na wanawake wanaonekana chumba cha pili. Jicho la binti liko huko. Nikiambiwa nichague kipande kimoja cha picha hizi zote nikitundike kwangu, nitachukua shali hilo, mistari yake inapita mezani kama maji. Mchoraji ametumia pumzi nyingi kwenye shali kuliko kwenye busu, na ameona sawasawa. Busu huchukua nukta moja. Kisingizio ndicho unachokifikiria tangu asubuhi.

Mwezi uliopita nilimtumia mama yangu mdogo Bembea kwa simu, kisha nikampigia. Aliolewa na yule wa Muheza. Wamezaa, wamezeeka pamoja, mumewe alifariki mwaka juzi, na kabla ya hapo nisingethubutu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Tukazungumza ya nyumbani kwanza. Kisha akasema picha ameiona, ameikuza mpaka kwenye kiatu. Akasema kitambaa kile ni kizuri mno, na mwanamke ana raha. Nikamweleza habari ya mbwa, na kwa nini namtazama yeye. Alinyamaza kitambo. Akasema, "Nilikuchagua kwa kuwa ulikuwa hujui kusoma. Ulipoanza shule nikaacha." Barua hazikukoma kwa sababu ya posa wala woga. Zilikoma kwa sababu nilijifunza a, e, i, o, u. Sikuwahi kujua.

Kisha akaniuliza, "Na yule mzee mwenye kamba, anajua?"

Nikamwambia watu wengi husema hajui, ndiyo utamu wa picha.

"Anajua," akasema. "Bembea za Idi nimezivuta mimi. Mwenye kamba anajua mtu amegeukia wapi."

Nikamuuliza habari za bibi wa kibarazani, kama naye alijua. Akacheka, cheko la zamani ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni. Akasema siku ile kawa liliponianguka, bibi alikuja nyumbani baada ya tarawehe. Akakaa, akanywa kahawa, akazungumza na bibi yangu mzaa mama mambo ya mnazi na bei ya ukili. Wakati wa kuondoka akamvuta mama mdogo pembeni ya mlango, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, ile sahani ya juu ina ufa. Shira inapita chini. Badilisha."

Akabadilisha.